Unasafiri na Kamera? Hii Ndio Rada ya Kupita Ukaguzi wa Ndege Bila Ngori

Mchongo umeingia. Mteja wa Kigali anataka upige picha za harusi yake Jumamosi, ama kuna kampuni Dubai imekuita siku tatu na tiketi wamelipa wao. Mabeshte wameshakutumia pongezi, mathe ameshaombea safari. Sasa kuna kitu moja watu husahau kukuambia: kati yako na hiyo doo kuna mashine ya eksirei, afisa amevaa glavu, na swali moja rahisi sana. "Hii ni nini?"

Ukijibu vizuri, unapita chap chap. Ukijibu vibaya, ama begi yako ikijijibu yenyewe kwa mashine, unaweza kuacha betri zote hapo kwa ndoo na ufike harusini na kamera imededi. Na harusi hairudiwi juu mpiga picha hakuwa na chaji.

Kwa hivyo keti chini. Hii ni ile story unasoma usiku kabla ya kupaki, si asubuhi ukiwa kwa teksi.

Sheria mbili za kukariri

Kila msafiri ako na begi aina mbili: begi ya mkononi, ile unaingia nayo kwa ndege, na begi ya mzigo, ile unawaachia kwa kaunta. Ngori nyingi za kamera hutokana na kuchanganya hizo mbili.

Kariri hivi. Kwanza, chochote kinachoweza kushika moto na chochote kinachokulisha, beba mkononi. Hapo ni betri, pawabenki, bodi za kamera, lenzi, laptopu na kadi za memori. Pili, chochote kinachoweza kudunga, kukata ama kugonga mtu kichwa, weka kwa begi ya mzigo. Hapo ni bisibisi, visu vidogo vya kukata tepu, stendi za taa na vyuma vya aina hiyo.

Hayo mengine yote tutabonga hapa chini ni maelezo ya hizo sheria mbili.

Kwa nini betri zinagwaywa hivyo?

Wasee wengi hudhani maafisa wanasumbua tu. Hapana. Betri za kamera, simu, droni na pawabenki ni za lithiamu. Ikiwa imeharibika ndani, imepondwa, ama ncha zake zimeguswa na kitu cha chuma kama funguo ama sarafu, inaweza kuanza kujipasha moto yenyewe. Selu moja ikilipuka inapasha inayofuata, na hiyo inapasha ingine. Kuzima moto wa aina hiyo ni kazi ngumu ile mbaya.

Hii si story ya kutishana. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwa shehena yake. Ndani kulikuwa na betri nyingi za lithiamu, na marubani wote wawili walikufa. Na tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan huko Korea Kusini ilishika moto ikiwa bado iko chini, kabla haijapaa. Abiria waliokolewa wote, lakini ndege iliungua paa. Pawabenki ndiyo ilishukiwa.

Ndio maana betri ya akiba lazima ikae mkononi. Ikianza kutoa moshi ukiwa umeketi hapo, wewe utaona, mhudumu ataona, na ndani kuna maji na vifaa vya kuzima moto. Ikianzia kule chini kwa mizigo, hakuna mtu yuko hapo kuiona mapema.

Kwa hivyo ukisikia "toa betri kwa hiyo begi," usijam. Huyo msee anakulinda wewe na watu wengine mia mbili.

Hesabu ya Wh, usikimbie

Sheria za ndege hazipimi betri kwa miliampia, yaani ile mAh unaona kwa pawabenki. Zinapima kwa wati-saa, yaani Wh. Kama haijaandikwa kwa betri, hesabu ni rahisi: chukua mAh, gawanya kwa 1000, alafu zidisha kwa volti.

Viwango vinavyotumika na mashirika ya ndege duniani ni hivi:

- Chini ya Wh 100: unabeba mkononi bila kuomba ruhusa. Kwa kawaida mwisho ni betri 20 za akiba, isipokuwa shirika liseme vingine.
- Wh 100 mpaka 160: lazima uombe ruhusa ya shirika la ndege kabla, na mwisho ni mbili za akiba.
- Zaidi ya Wh 160: haziingii ndege ya abiria, si mkononi, si kwa mzigo.

Sasa tuone za mtaani. Betri ya Sony NP-FZ100, ile inatumika kwa kamera nyingi za A7, ni volti 7.2 na mAh 2280. Hiyo ni Wh 16.4. Unaweza kubeba sita na bado uko salama kabisa. Betri kubwa za NP-F970, zile watu huweka kwa taa za LED na monita, ni kama Wh 47. Betri ya droni ya DJI Mavic 3 ni Wh 77. Bado uko chini ya 100.

Pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 inakupa Wh 74. Fiti. Lakini ile ya mAh 30,000 umenunua juu ilikuwa na ofa inakupa Wh 111, na hapo tayari unahitaji ruhusa. Na kama imechanika maandishi mpaka hakuna nambari inasomeka, afisa ana haki ya kuikataa, juu hana njia ya kujua ni ngapi.

Wasee wa video mkitumia zile betri za V-mount, angalieni sana. Za Wh 98 zinapita kama kawaida. Za 150 ni za kuomba ruhusa. Ukiwa na nne za 150, panga kuacha mbili nyumbani ama ukodishe huko unakoenda.

Kitu ingine: pawabenki inahesabiwa kama betri ya akiba, kwa hivyo haiendi kwa mzigo hata siku moja. Na mashirika mengine yameongeza masharti yao juu ya haya. Emirates, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, iwe chini ya Wh 100, na hukubaliwi kuitumia hewani, si kuchajia simu, si kuichaji yenyewe. Ukienda Dubai na tatu, mbili zitakuramba. Ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C haiingii ndege za ndani ya nchi. Kama unaunganisha ndege Guangzhou, cheki hiyo alama kabla hujatoka keja.

Venye ya kufunga betri

Ncha za betri zisigusane na chuma. Tumia vile vifuniko vya plastiki vilivyokuja nazo. Kama ulivipoteza (na wengi wamevipoteza), bandika tepu kwa ncha ama weka kila betri kwa mfuko wake mdogo wa plastiki. Betri iliyovimba ama kuingia ufa usiibebe kabisa. Hiyo ni ya kutupwa mahali salama, hata kama ilikuwa ya bei.

Na hii ndio huchoma watu wengi: ndege imejaa, unafika mlangoni, mhudumu anasema begi yako kubwa haina nafasi juu, wacha iende chini. Hapo usiipeane hivyo hivyo. Toa betri zote na pawabenki kwanza. Ndio maana weka betri zote kwa pochi moja unayoweza kuchomoa kwa sekunde kumi, na kama inawezekana kamera pia itoke nayo.

Kilo ndizo zitakushtua

Economy ya Emirates, Qatar Airways na Ethiopian inakupa kilo 7 za mkononi. Kenya Airways ni kilo 12. Sasa piga hesabu ya mtu wa harusi: bodi mbili za Sony A7 IV ni kilo 1.3. Lenzi ya 24-70 GM II ni gramu 695. Ya 70-200 GM II ni kilo moja na kidogo. Laptopu ya inchi 14 ni kama kilo 1.6. Begi yenyewe tupu, kama ni ya kamera yenye mito, haiko mbali na kilo 2. Ongeza betri sita na tayari umepita 7, hata flashi na chaja hujaweka.

Suluhisho si kuomba huruma kwa kaunta. Tumia begi nyepesi badala ya ile nzito ya kujionyesha. Mashirika mengi hukubali kitu kidogo cha ziada kama begi ya laptopu, kwa hivyo soma tiketi yako. Jaketi yenye mifuko mikubwa pia inasaidia: betri, kadi na lenzi moja ndogo vinaweza kukaa hapo. Chaja, nyaya na hudi za lenzi zinaweza kwenda kwa mzigo bila stress, juu hazina betri ndani na hazikulishi peke yake.

Ukipaa kutoka Wilson kwenda Mara ama Samburu, hesabu ni ingine. Hizo ndege ni ndogo, na kiwango kilichozoeleka ni kilo 15 kwa jumla, begi ya mkononi ikiwa ndani, na wanataka begi laini, si lile sanduku gumu la plastiki. Ukiwa na lenzi ndefu ya wanyama, uliza mapema kama unaweza kulipia kilo za ziada. Kufika pale na kilo 28 na tabasamu hakutasaidia.

Venye ukaguzi wa JKIA unaenda

Kama hujawahi, jua utakaguliwa zaidi ya mara moja. Ya kwanza ni pale barabarani: abiria wanashuka kwa gari, wanatembea kupitia sehemu ya ukaguzi, na gari inakaguliwa kivyake. Begi ya kamera usiiache kwa kiti cha nyuma cha teksi. Tembea nayo.

Ya pili ni mlangoni mwa jengo, kila mzigo unapita kwa eksirei. Ya tatu ni baadaye ukienda kwa geti la ndege. Kwa hivyo kila kitu utakachotoa na kurudisha, utakifanya tena. Fika mapema. Masaa matatu kwa ndege ya nje si mchezo, hasa ukiwa na vifaa.

Kitu ya muhimu kuelewa ni hii: mashine inaona vitu kulingana na uzito wa nyenzo zake. Lenzi ni kioo kizito, betri ni nzito, nyaya zimefungana kama tambi. Ukizirundika juu ya ingine, mwenye skrini anaona dude moja jeusi ambalo haelewi. Hapo lazima akurudishe. Ukizipanga kando kando kwa safu moja, na nyaya zimefungwa vizuri kwa mfuko wake, anaona kila kitu na anakuachilia.

Fuata hatua hizi ukifika kwa mkanda:

- Toa laptopu. Kamera kubwa pia, kama wanataka. Uliza tu: "Mkubwa, nitoe kamera ama iache ndani?"
- Usisukume begi iingie mashine kabla zamu yako ya kupita mlango wa chuma haijafika. Begi ikitangulia dakika tano mbele yako, iko upande ule ingine bila mwenyewe.
- Wakikupangusa begi ama mikono na kitambaa kidogo, usigwaye. Wanatafuta chembe za vilipuzi, ni kawaida kwa mtu mwenye vifaa vingi.
- Wakitaka kufungua, wacha wafungue, lakini ongea kwa heshima: "Madam, hapo ndani ni kioo cha kamera, naomba nikushikie." Wengi watakubali.
- Usirekodi video ya ukaguzi. Hata kama ni ya stori zako. Hapo ni mahali penye ulinzi na unaweza kujipata unaeleza karao mambo mengi.

Na kamera iwe na chaji. Kwa ndege zinazoenda Marekani moja kwa moja, kama ile ya Kenya Airways ya New York iliyoanza Oktoba 2018, afisa anaweza kukuambia uwashe kifaa aone kinafanya kazi. Hiyo sheria Wamarekani waliitangaza mwaka wa 2014. Kifaa kilichodedi kinaweza kukataliwa kuingia ndege.

Tripodi, gimbali na vyuma vingine

Tripodi iko kwa mstari wa katikati. Viwanja vingine vinaruhusu mkononi, vingine vinaiona kama rungu. Uamuzi ni wa afisa aliye mbele yako, si wa video uliyoona YouTube. Salama ni kuiweka kwa begi ya mzigo, imefungwa na nguo. Ile ndogo ya mezani hupita mara nyingi.

Gimbali ina betri ndani ya mkono wake, kwa hivyo iende mkononi, imezimwa. Bisibisi na funguo za kufungia sahani ya tripodi ziende kwa mzigo. Dawa ya kusafisha lenzi ni majimaji, kwa hivyo chupa isipite mililita 100. Yale makopo ya hewa ya kupulizia vumbi acha nyumbani kabisa, hayakubaliwi mkononi wala kwa mzigo. Beba ile pampu ya mpira ya kubonyeza. Ni ya soo kadhaa na haina ngori.

Sanduku la mzigo likiwa na vifaa na unaenda Marekani, tumia kufuli yenye alama ya TSA. Wakitaka kuikagua wataifungua na ufunguo wao. Kufuli ya kawaida wataivunja tu.

Wale wa filamu, hii ni yenu

Kuna mbogi ya vijana Nairobi imerudi kwa kamera za filamu, na hapa sheria ni ingine kabisa. Kamera ya dijitali na kadi za memori haziumizwi na eksirei. Pitisha mara kumi, picha ziko salama. Lakini filamu inaumizwa.

Filamu isiende kwa begi ya mzigo hata kidogo, juu mashine za kule zina nguvu zaidi. Mashine za zamani za mkononi huwa hazidhuru sana filamu ya ISO ya chini, lakini kuanzia 800 kwenda juu ni hatari. Mashine mpya za CT, zile zinazochora begi kwa pande zote na hukuruhusu kuacha laptopu ndani, zinaweza kuharibu filamu ya ISO yoyote. Kodak wenyewe wameonya watu wasiipitishe hapo. Viwanja kama Schiphol vya Amsterdam vimehamia CT kabisa. Na msisahau filamu za Instax: nazo ni ISO 800.

Fanya hivi: toa filamu kwa maboksi, weka kwa mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani, shika mkononi, na uombe mapema kabla foleni haijakusukuma. "Mkubwa, hii ni filamu ya kamera, eksirei huiharibu. Naomba muikague kwa mkono." Marekani TSA hukubali ukiomba. Kwingine wanaweza kukataa, na ukikataliwa usipigane. Kama safari ina viwanja vitatu vya CT, nunua filamu huko unakoenda na uisafishe huko huko kabla ya kurudi.

Droni: karatasi kwanza, kupaa baadaye

Hapa ndio watu hupoteza vitu vya thao nyingi. Kwa Kenya, droni ziko chini ya KCAA na kanuni za mwaka 2020. Kuingiza droni nchini kunahitaji kibali chao kabla, na lazima isajiliwe. Ukimwambia beshte wako wa majuu akuletee moja bila kibali, forodha inaweza kuishikilia pale pale.

Ukitoka nayo, angalia sheria za unakoenda. Tanzania inataka kibali, na Zanzibar si nje ya hiyo sheria hata kama ufuo ni mzuri aje. Morocco hairuhusu watu kuingia na droni hivi hivi, wanaichukua uwanjani. Misri pia ni kali sana: bila idhini ya wizara ya ulinzi ni kesi, si faini ya kulipa na kucheka. Ukiwa unapita tu, uliza shirika lako. Ukiwa unaingia nchi hizo bila kibali, iache keja.

Ndani ya ndege, betri za droni zinafuata sheria zile zile: mkononi, ncha zimefunikwa, Wh zinasomeka.

Forodha: thibitisha ulitoka nayo

Umerudi kutoka kazi na begi imejaa vifaa vinavyong'aa. Afisa wa forodha anauliza: ulinunua wapi? Novemba 2023 kulikuwa na kelele kubwa mtandaoni baada ya KRA kukumbusha wasafiri kuhusu kodi ya vitu vya zaidi ya dola 500. Viwango hubadilika, kwa hivyo angalia tovuti ya KRA kabla ya safari. Lakini kamera uliyotoka nayo haifai kulipiwa kodi kama mpya, bora uwe na ushahidi.

Ushahidi ni rahisi. Kabla ya safari, tengeneza orodha: jina la kifaa, serial namba, mwaka ulionunua, bei. Piga picha ya kila serial namba. Beba risiti, hata kama ni picha kwa simu. Ukiwa na vifaa vingi, pita kwa deski ya forodha kabla ya kuondoka na uombe wakuandikie kwamba unatoka navyo. Ni dakika chache zinazokuokolea mabishano ya saa mbili usiku ukiwa umechoka.

Hiyo orodha pia ndiyo utatumia kwa bima na kwa polisi kama kitu kimeibiwa.

Ikipotea, nani atalipa?

Sikiza hapa vizuri, juu ndio sababu ya sheria ya kwanza. Safari za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya iko ndani. Mkataba huo unaweka kikomo cha kile shirika la ndege linaweza kulipa mzigo wako ukipotea ama kuharibika. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo ni SDR 1,519, yaani karibu dola 2,000. Hiyo ni kwa mzigo wako wote, na hata hiyo si zawadi: lazima uthibitishe hasara.

Sasa linganisha. Sony A7 IV ilipotoka 2021 bodi peke yake ilikuwa karibu dola 2,500. Bado hujaweka lenzi. Na ukisoma masharti ya tiketi, mashirika mengi yanasema wazi hayataki vifaa vya elektroniki na vya kuvunjika kwa mzigo. Ndio maana bodi na lenzi hazishuki chini. Kama hakuna njia, unaweza kutangaza thamani ya mzigo kwa kaunta na kulipa ziada kabla ya kupaa, ama uchukue bima ya vifaa inayotaja safari za nje.

Mzigo ukifika umevunjika, usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha ripoti kwa deski ya mizigo na kupewa nambari. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7. Uliochelewa, siku 21 tangu upewe. Ukilala, kesi imelala.

Kurudi ni hatari kuliko kwenda

Ukienda, begi ina kamera. Ukirudi, begi ina kamera na harusi ya mtu. Kamera inanunuliwa tena, hata kama ni kwa mkopo. Picha za bibi harusi akimkumbatia babake hazinunuliwi.

Kwa hivyo usiku kabla ya kurudi, nakili kila kitu kwa hadi diski mbili. Moja kwa begi ya mkononi, ingine kwa begi ya mzigo (hadi diski isiyo na betri haina shida huko). Kadi za memori zenyewe usizifute, ziweke kwa pochi mfukoni mwako, si kwa begi. Kama hoteli ina intaneti nzuri, pandisha angalau picha bora mtandaoni. Hata begi zote mbili zikipotea, mteja atapata kitu, na wewe jina lako litabaki.

Orodha ya usiku kabla ya safari

- Betri zote zimefunikwa ncha, ziko kwa pochi moja, begi ya mkononi.
- Wh zinasomeka. Za zaidi ya 100 zina ruhusa kwa maandishi.
- Pawabenki ni ngapi, na shirika lako linakubali ngapi?
- Bodi, lenzi, laptopu, kadi: mkononi, na umepima kilo kwa mizani.
- Tripodi, bisibisi, stendi: mzigo.
- Kamera na laptopu zina chaji.
- Filamu kwa mfuko unaoonekana, tayari kuombewa ukaguzi wa mkono.
- Vibali vya droni vimechapishwa.
- Orodha ya serial namba na risiti ziko kwa simu na kwa barua pepe.

Ukifika kwa mkanda na kila kitu kiko mahali pake, lile swali la "hii ni nini?" linakuwa rahisi kabisa. Unamwambia: "Ni kamera, mkubwa. Naenda kazi." Anaangalia skrini, anaona kila kitu kimejipanga, anakuashiria upite. Kanyaga kubwa kubwa, geti linafungwa.